Makao ya Kudumu

Siku aliyozikwa Bi Maimuna, binti mmoja wa ukoo wao aliniona nimechoka kusimama, akaniambia nikajinyooshe kidogo "chumba cha Halima". Hakujua kwamba Halima ndiye mimi. Nimehama mtaa ule wa Umoja zamani. Niliolewa Donholm, nikazaa huko, nikafiwa na mume huko, na nywele zangu chini ya mtandio zimeshaanza kufanana na za marehemu. Lakini katika nyumba ile chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama tangi la maji, bado kinaitwa kwa jina langu, na wanaokiita hivyo hawajui kwa nini. Nikaingia, nikaketi ukingoni mwa kitanda. Uani wanawake walikuwa wakimenya vitunguu na kubishana kwa sauti ya chini kama mchele utatosha. Wanaume walikuwa wamekwisha kurudi kutoka makaburini, wameketi nje chini ya turubai. Kisha nikasikia mwanamume akiuliza mlangoni, kwa upole wa mtu asiyetaka kusumbua, maji ya kutawadha yako wapi. Ilikuwa sauti ya Swaleh, mwana wa pekee wa Bi Maimuna, aliyefika asubuhi ile kutoka Kampala. Nililia palepale. Waliosikia walidhani namlilia mamake, na kweli nilikuwa namlilia, ila si yeye peke yake.

Kabla hakijawa cha Halima, chumba kile kilikuwa cha Swaleh, na namna kilivyobadili jina ndiyo habari ya mwaka ule. Nilikuwa sijafika miaka thelathini. Ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi mjini ilifungwa, nami nikabaki na cheti changu cha uhasibu, kikokotoo, na ubishi niliozaliwa nao. Bi Maimuna alikuwa na chumba cha mbele kilichowahi kuwa duka. Dirisha lake lilikuwa na nondo, rafu zilikuwa bado zinanuka sabuni ya kipande na mafuta ya taa. Alinipangisha kwa bei ya kindugu, nikaweka meza, viti viwili na benchi la kungojea, nikamlipa fundi anichoree kibao cha MSAADA WA KODI. Nilikuwa na maringo ya Kiswahili cha darasani. Kitabuni kodi ya mapato ni kodi ya mapato, lakini mtaani kodi ni ya nyumba. Wiki nzima nilipokea watu waliogombana na wenye nyumba. Bwana mmoja alitaka nimsemee kwa landilodi wake asimfungie mlango, na msichana mmoja akaniuliza kama nina chumba chenye choo ndani. Nikafuta kodi, nikaandika ushuru. Hapo wauza mboga wakaanza kuzunguka nyuma ya nyumba ili wasipite mbele ya mlango, wakidhani kanjo, wale askari wa jiji, wamefungua tawi. Nikafuta tena, nikaandika HALIMA, MAHESABU, na wazazi wakaniletea watoto wa darasa la saba niwafundishe. Bi Maimuna alicheka hadi akalazimika kukaa chini. "Mwanangu," aliniambia akijifuta macho kwa ncha ya leso, "wacha kibao. Mwenye shida hauliziwi njia, atakujua tu."

Na kweli walinijua. Kati ya ofisi yangu na sebule yake hapakuwa na mlango ila pazia la maua mekundu, na Bi Maimuna alikuwa upande wa pili akikanda unga wa mahamri, akipepeta mchele, akisikia kila kitu. Sikumkataza, maana nyumba ni yake, na isitoshe wateja walimpenda kuliko mimi. Mimi nilikuwa mkali. Mtu akiniambia "kwani watajua?" nilimrudishia karatasi zake. Yeye alimtumia mtu yuleyule kikombe cha chai ya tangawizi na hamri moja la moto, na mtu akarudi kitini amelainika, akasema ukweli. Namkumbuka Mwalimu Otieno wa mtaa wa Tena, aliyekuwa akifasiri maandishi ya kampuni moja ya Ulaya na kulipwa kwa fedha za kigeni. Alikuja akiwa ameshajiandalia hoja. "Halima, hiyo pesa haijawahi kugusa Kenya mpaka nikaitoe benki. Ushuru wa nini sasa?" Nikamuuliza alikuwa wapi alipokuwa akifasiri. "Kwangu Tena. Kitandani, kusema kweli." Nikamwambia basi kazi imefanyika Tena, hata kama mshahara umetoka mwezini. Nyuma ya pazia sauti ikasema, "Na kitanda chenyewe, Mwalimu, umemaliza kukilipia?" Benchi zima likaangua kicheko, na Mwalimu akajaza fomu yake. Nikiwaza leo furaha ni nini, nakumbuka asubuhi za chumba kile, harufu ya iliki ikipita chini ya pazia, na watu wa kawaida wakiniuliza maswali ambayo waliona aibu kumuuliza mtu mwingine yeyote.

Lakini nilikuwa na sababu nyingine ya kuipenda nyumba ile, na sababu hiyo ilikuwa Kampala. Swaleh alikuwa akishonesha makubadhi na viatu vya shanga hapahapa Umoja, kwa mafundi waliokaa chini ya kibanda cha mabati karibu na soko, kisha akivipeleka kuuza Uganda, ambako alikuwa na duka. Bi Maimuna hakuwa na simu, kwa hiyo Swaleh alipiga kwangu. Ikawa kila alipopiga mimi ndiye niliyepata mwanzo wa mazungumzo, ile "Niaje, mama wa ushuru? Mathe yuko poa?" kabla sijapenya pazia kumpelekea mamake simu. Mwanzo huo ulikuwa mfupi, lakini niliutunza. Alikuja kila baada ya miezi kadhaa, akaketi kwenye kiti cha wateja akikizungusha, akinitania kwamba nina uso wa askari na mikono ya mwalimu wa chuo. Siku moja, tukiwa tumesimama barazani mvua ikinyesha, alinishika kidole kimoja tu, akasema, "Nikitulia, Halima, tutaongea mambo yetu." Hakuongeza neno. Mimi niliishi na hiyo "nikitulia" kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Nilimpenda. Sikumwambia mtu, lakini Bi Maimuna alijua, kwa sababu siku ambazo Swaleh alipiga simu alinitilia nazi zaidi kwenye wali.

Yeye naye alikuwa akingoja kwa namna yake. Kila Ijumaa alibadili shuka za kitanda cha Swaleh, akafukiza udi chumba kizima, akapangusa viatu vyake vya zamani vilivyopangwa ukutani, akafungua dirisha lile linalotazama tangi, kisha akalifunga kabla ya adhuhuri vumbi lisiingie. Majirani waliotaka kupanga chumba kile aliwajibu jibu lilelile: "Kina mwenyewe." Walipomuuliza mwenyewe yuko wapi, alisema atarudi baada ya Ramadhani. Ramadhani ikaja ikapita, akasema baada ya Hija. Sikumcheka, maana kuchekana tusingeweza, sote tulikuwa tunamngoja mtu mmoja. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa na shuka za kufua, na mimi sikuwa na cha kufanya kwa mikono yangu.

Mwezi wa sita ulipofika, ule mwezi ambao kila Mkenya hukumbuka ushuru siku za mwisho kama mwanafunzi anayekumbuka mtihani, Swaleh alikuja. Safari hii hakukizungusha kiti. Biashara ilikuwa imekua. Watu wa ushuru wa kule walikuwa wamemtoza faida ya duka, na huku nako mtu alikuwa amepita kwa mafundi wake akiuliza vile viatu ni vya nani. Aliweka bahasha mezani, akasema, "Halima, niambie ukweli. Nimelipa Kampala. Sasa nilipe tena huku kwa kitu hichohicho? Si hiyo ni kunyongwa mara mbili?" Nilimwambia hilo ndilo swali gumu kuliko yote niliyoletewa mwaka ule. Palikuwa na mkataba baina ya nchi zetu wa kumwokoa mtu asitozwe huku na kule, lakini ulikuwa haujaanza kutumika, na mkataba usiotumika haumfuniki mtu mvua ikinyesha. Kwa hiyo kila kitu kiligeukia jambo moja: kama yeye ni mkaazi wa Kenya au si mkaazi. Mkaazi ambaye biashara yake iko nusu huku na nusu kule, faida yote inahesabiwa ya huku. Asiye mkaazi analipia kile tu kilichofanyika huku, kwa upande wake ile sehemu ya mafundi.

"Na mkaazi ni nani?" akauliza.

Sheria ilikuwa ya Kiingereza, nami nilikuwa na desturi ya kuwatafsiria wateja wote, hata wanaojua Kiingereza, kwa sababu mtu huwa hadanganyi kwa urahisi katika lugha ya mamake. Nikamweleza kwamba swali la kwanza ni hili: una makao ya kudumu hapa Kenya? Ukiwa nayo, hata ukija siku chache tu katika mwaka, wewe ni mkaazi. Usipokuwa nayo, ndipo tunahesabu siku, na zako ni chache. Nilikuwa nimeshawauliza watu wengi swali lile mwaka ule na kalamu yangu haikuwahi kuwa nzito kama siku ile. Nilikuwa namuuliza kwa niaba ya serikali, lakini aliyekuwa akingoja jibu ni mimi.

Kabla hajafungua mdomo, pazia likafunguliwa. Bi Maimuna aliingia na sinia ya chai, kanga yake imefungwa kiunoni, uso umekunjamana kwa hasira ya dini. "Andika hana!" aliniambia. "Halima, mwanangu, swali gani hilo? Nani aliye na makao ya kudumu hapa duniani? Hapa sote ni wapita njia. Makao ya kudumu yako akhera. Serikali isimtie mwanangu kwenye kufuru. Andika hana, utie nukta."

Swaleh alicheka kicheko cha kutoka tumboni, cha zamani, akapiga paja. "Umeskia, Halima? Mathe ashaamua. Sina! Fomu imeisha hivyo."

Nami nilicheka, kwa sababu nilimpenda bibi yule, na kwa sababu ulikuwa upuzi wangu mwenyewe kuchagua maneno ya mimbarini kwa swali la karani. Ningesema nyumbani, ningesema kwako, mambo yangekuwa mengine. Lakini sikuweza kuandika jibu lililotokana na kutoelewana. Sikuwa mtu wa hivyo. Nikamwambia, "La, Bi Maimuna. Hawaulizi akhera. Wanauliza kile chumba."

"Chumba kipi?"

"Cha Swaleh. Wanauliza kama ana mahali hapa Kenya palipo pake. Pa kurudi."

Aliweka sinia juu ya karatasi zangu bila kuangalia. "Na akisema anapo?"

"Atahesabiwa mtu wa huku, na ya Kampala yote yatatozwa huku pia."

"Na akisema hana?"

"Atalipia ya hapa Umoja tu."

Bi Maimuna alimgeukia mwanawe. Mimi pia nilimtazama. Nilikuwa nimeshasahau kwamba kuna watu kwenye benchi wanangoja zamu. "Basi sema mwenyewe," mamake alisema, na hasira yote ilikuwa imemtoka. "Mimi si mjuzi wa mambo ya serikali."

Swaleh hakuwa akicheka tena. Alitazama chai, akatazama mlango. Na mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kumtetea mteja alipe kile anachodaiwa kihalali na si zaidi, nilikuwa moyoni namwomba alipe mara mbili. Nilitaka aseme ninapo. Nilitaka aseme andika ninapo, mama yangu yuko hapa, kitanda changu kiko hapa, na mtu ninayetaka kuongea naye mambo yetu amekaa mbele yangu na kalamu. Badala yake alisema polepole, kwa Kiswahili safi alichokiweka akiba kwa ajili ya mamake, "Mama, mimi huja hapa kutembea. Duka liko kule. Nyumba nimepanga kule, vyombo vyangu viko kule, na asubuhi nikiamka hapa huwa nasahau kwanza niko wapi. Chumba ni chako. Andika sina, Halima." Kisha, alipoona nyuso zetu, akaongeza, "Jameni, ni karatasi tu."

Nimechukia msemo huo tangu siku ile. Hakuna karatasi tu. Nilimsomea maandishi ya chini ya fomu, kwamba anayetia sahihi anasema yaliyo kweli kwa kadiri ajuavyo, nikamweleza kwamba mtu anaweza kuja kuuliza siku moja, na asiseme jambo asiloweza kulisimamia. Akatia sahihi kwa mkono wake mzuri. Hakuwa amedanganya, na hilo ndilo lililoniumiza. Kama angedanganya ningemkasirikia na kupona mapema. Lakini alisema kweli, na mimi niliyemngoja kwa hamu aseme ukweli wa moyo wake nilikuwa nimeupata, tena kwa wino. Chai ilipoa. Bi Maimuna aliichukua sinia, na nyuma ya pazia hatukusikia kitu, hata mlio wa kijiko.

Baada ya siku chache, Swaleh akiwa ameshaondoka, aliniuliza kama karatasi ile imefika kwa wenyewe. Nikamwambia imefika. "Basi," akasema, akaingia chumba cha nyuma, akaanza kutoa vitu. Viatu, kanzu mbili, koti la shule lililokuwa halimtoshi mtu yeyote tena. Vingine alivipeleka msikitini, vingine akavitia kwenye sanduku la bati. Nilidhani ni hasira. Nilisimama mlangoni nikamwambia asifanye hivyo, kwamba hakuna afisa atakayekuja kupekua vyumba vya Umoja, na kwamba mama kumwekea mwanawe kitanda si kosa mbele ya sheria yoyote. Hata hivyo aliendelea kukunja kanzu, akikunja vizuri, mkono kwa mkono. "Mwanangu ameandikia serikali kwamba hana chumba kwangu," alisema. "Nikimwekea, nimemfanya mwongo. Sikumzaa awe mwongo."

Ndipo akaniambia nihamie mimi. Nilikuwa nimepanga Tena, chumba kimoja, na jirani mwenye redio. Nilikataa. Akasema hamtaki mtu baki. Nikasema basi nitakaa bila malipo niwe nakilinda, na hapo alinikemea kwa mara ya kwanza na ya mwisho. "Ukikaa bure watasema umemshikia Swaleh. Utanilipa kodi kila mwezi, na kodi hiyo utaniandikia kwenye fomu yangu, niitolee ushuru. Nataka kionekane kimepangwa." Ndivyo nilivyokuja kulala katika chumba cha mwanamume niliyempenda, nikiwa mpangaji halali. Harufu ya udi ilikuwa imeingia ukutani na haikutoka kwa miezi. Nilikuwa nikilala nikitazama dirisha alilolitazama yeye, nikijua kwamba kama angenioa ningelala hapohapo, na kwamba nalala hapohapo kwa sababu hakunioa. Watu huuliza kwa nini maisha yangu yote nimeandika fomu za wengine kwa makini hivyo. Ni kwa sababu nimeona mwanamke aliyeichukulia fomu moja kuwa kweli kuliko walioitunga.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba haikuwa hasira. Alikuwa amempa Swaleh kitu cha mwisho alichoweza kumpa, yaani kukubali alilosema. Mimi sikuwa na moyo wa namna hiyo. Mimi niliendelea kungoja ile "nikitulia" yake hata baada ya sahihi kukauka, hata baada ya kusikia, kwa simu yangu mwenyewe, kwamba kuna msichana wa Kampala na wazee wameshapeleka posa. Nikapokea habari hizo, nikapenya pazia, nikampa mamake simu. Siku ile ya mazishi Swaleh alinijia uani, tumbo limekuwa kubwa, ndevu nyeupe, akanipa pole ya mume wangu nami nikampa pole ya mamake. Akaniuliza kama bado nafanya kazi ya ushuru. Nikamwambia bado. Tukasimama pale watu wazima wawili, sufuria zikipita katikati yetu, na nilitambua kwamba bado namtamani, si yeye aliyesimama mbele yangu bali yule aliyekuwa akizungusha kiti. Sijui mtu afanye nini na hamu ya namna hiyo katika umri wangu. Nilimwambia akapumzike.

Lakini ninaloliona nikifumba macho ni Idd ya mwaka ule wa fomu. Hakutuarifu kwamba anakuja. Nilikuwa sebuleni namsaidia Bi Maimuna kupakua biriani, tulipomsikia mlangoni na mizigo yake, salamu yake kubwa ikijaza nyumba. Alimbusu mamake mkono, akanitupia "Idd mubarak, mama wa ushuru," akapita moja kwa moja hadi nyuma, kama alivyopita maisha yake yote, akafungua mlango wa chumba. Madera yangu yalikuwa yametundikwa msumarini. Kulikuwa na mafuta yangu ya nywele dirishani.

"Swaleh," mamake alimwita, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Humo mna mtu. Njoo ukae huku."

Alirudi akitabasamu bado. "Mama, umempa Halima rumu yangu? Na mimi nilale wapi?"

"Nimepangisha. Ulisema huna."

"Manze Halima," alinigeukia, tabasamu likianza kumtoka, "si ungemshow ilikuwa tu form?"

"Nilimwambia," nikasema. "Hakukubali."

Bi Maimuna alikuwa ameshafungua kabati la vioo. Nilikuwa nimekaa nyumba ile miezi na sikuwa nimewahi kuona sahani zile nje, zile nyeupe zenye mstari wa dhahabu, zilizotolewa imamu alipokuja, au wakwe. Swaleh alikuwa na desturi ya kula jikoni, amesimama, akichota kwa mkono sufuriani huku mamake akimpiga kofi la mgongo. Sasa alitandikiwa mkeka mpya. Aliwekewa mto wa kuegemea. Bi Maimuna alinipa birika na beseni, akaniashiria kwa kidevu, nami nikapiga magoti mbele ya Swaleh, nikammiminia maji ya kunawa. Aliinyoosha mikono. Nilimimina taratibu, na yeye aliyatazama maji yakianguka kutoka mikononi mwake kana kwamba ni mara ya kwanza kunawishwa na mtu, na nyumbani kwao kweli ilikuwa mara ya kwanza.

"Mama," alisema, na sauti ilikuwa imebadilika, "niache nile jikoni."

"Jikoni? La." Alimpakulia yeye kwanza, kabla ya kila mtu, akamchagulia mnofu mkubwa, akauweka kwenye sahani yake. Hakuwa na kinyongo hata chembe. Nilimtazama sana usoni nikikitafuta. Swaleh alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vyake vimegusa wali lakini haviuokoti. Bi Maimuna akaketi kando, akajifunika vizuri mtandio, akamsogezea kachumbari, akasema kwa ule upole anaosemeshwa mtu aliyetoka mbali:

"Kula, mwanangu. Usione haya. Hapa ni kama kwenu."